Sato wa Kwenye Jani na Ngazi za Wakili

Ofisi ya wakili wetu iko ghorofa ya nne, Nyamagana mjini, na lifti yake sijawahi kuiona ikifanya kazi. Mwaka jana nilizipanda zile ngazi mpaka magoti yakazijua moja moja. Mimi ni mtu mzima sasa, tumbo limenitangulia, na kila nikifika juu ilibidi nikae kwenye benchi nivute pumzi kwanza ndipo niseme lililonileta. Wakili, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, alikuwa ananiamkia, ananipa maji, halafu ananiambia yaleyale: baba, bado hawajajibu.

Sijazoea kusemewa na mtu. Shule niliishia darasa la nne, na mji huu niliuingia kwa kuuza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani wakishatoa minofu. Nilikuwa nakaanga kwenye karai moja hapo Mirongo, juani, wenye vyeti wakipita wameziba pua. Leo palepale pana mgahawa wangu, juu na chini, na wenye vyeti wanasubiri meza. Nyumba nimejenga Ilemela, juu ya jiwe ambalo mafundi watatu walilikataa. Yote hayo kwa mikono yangu na mdomo wangu. Mdomo huu umenipatia mengi, na siku moja tu umenigharimu.

Mpishi aliyenifikisha kwenye ngazi hizo alikuwa mama wa Kikongo, mwenyeji wa Bukavu. Nilionja chakula chake mara ya kwanza kwenye harusi ya jamaa zake hapa mjini. Nikaletewa sato ndani ya jani la mgomba, na hotuba za siku hiyo sikuzisikia tena. Nikamtafutia vibali vyote, nikampa jiko langu.

Jani alikuwa analibabua kwanza motoni mpaka lilainike, ndani anaweka samaki, nyanya, vitunguu, pilipili na mawese ya Kigoma, anafunga, anaweka juu ya makaa. Alikuwa na sharti moja ambalo hata mimi mwenye mgahawa sikuruhusiwa kuligusa: jani halifunguliwi jikoni. Linafika mezani limefungwa, mlaji anafungua mwenyewe, mvuke wa kwanza unampiga yeye usoni. Wateja walilalamika, maana sisi wa huku tunataka kumwona samaki macho kwa macho. Muuza vitambaa mmoja wa jirani aliniuliza kama siku hizi nauza samaki au barua. Haukupita mwezi, kila Ijumaa yeye ndiye anafika wa kwanza.

Sasa kibali cha kazi kina mambo yake. Mgeni anapewa kwa kazi ambayo mwenyeji haiwezi, tena kwa ahadi kwamba atawafundisha wenyeji. Mama wa Kikongo alifundisha kwelikweli. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa mpishi wangu wa tangu enzi za karai, mama wa Kisukuma kutoka Magu, mtu wa maneno machache. Wawili hao walikuwa wanagombana kuhusu chumvi asubuhi na kucheka mchana.

Muda wa kibali ulipokaribia kuisha tukaitwa ofisi ya vibali kuhojiwa, mimi mwajiri na yeye mwajiriwa. Wakili alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza baba yake. Tuseme ukweli kwamba yapo mapishi ambayo mama hajamaliza kuyafundisha, tuombe aongezewe muda ayamalize. Halafu akanisihi, "Baba, pale jibu ulichoulizwa tu, basi."

Afisa alikuwa kijana mpole. Alitukaribisha vizuri pamoja na wakili wetu, akasoma faili lote, akauliza swali la kawaida kabisa: miaka yote hii, katika jiko lako hakuna Mtanzania aliyejifunza kazi ya huyu mama?

Ningejibu kama nilivyoelekezwa. Lakini mimi nilisikia kama ananiambia kwangu hakuna watu. Mgahawa wangu mimi, watu wasijifunze? Nikajiweka sawa kwenye kiti.

"Mheshimiwa, kwangu mimi hata anayeosha masufuria anajua," nikasema. "Njoo ule kesho. Nitakuwekea sato wa huyu mama na wa yule wa Magu, na hutajua nani kapika upi."

Afisa akaandika. Wakili akatazama viatu vyake. Tulipokuwa nje, tunasubiri bajaji, mama wa Kikongo akanigeukia.

"Papa," akasema, bila hasira, "uko unasema sana."

Barua ilikuja na jibu la hapana, na ndani yake yalikuwemo maneno yangu mwenyewe, yamepigwa chapa vizuri. Ndipo nilipoanza kupanda ngazi. Wakili akakata rufaa, tukangoja. Siku moja nikamwambia, nikiwa bado nahema, kwamba niko tayari kuandika kuwa siku ile niliongopa. Akaweka kalamu chini.

"Uliongopa, baba?"

Akanieleza kwamba nikiandika hivyo, ataitwa yule mama wa Magu, ataulizwa kama anajua au hajui.

Nikarudi jikoni nikamwomba aseme hajui. Aliendelea kufuta majani kwa kitambaa, akasema nikitaka atasema, mimi ndiye bosi. Alisema hivyo bila kuniangalia. Mama wa Kikongo alikuwa palepale anatengeneza moto. Akainuka.

"Asiseme hajui," akaniambia. "Ni miye nilimufundisha."

Tukaishia hapo. Rufaa haikufika mbali, na wakili hakunilaumu hata mara moja, afadhali angenilaumu. Mama wa Kikongo aliondoka asubuhi kwa basi, kurudi kwao. Mama wa Magu alimfungia sato wawili kwenye majani, wa kula njiani.

Mgahawa haujapungua mteja. Wageni wanaotoka mbali bado wanauliza jani, wanakula, wananisifu mimi, na mimi napokea. Wiki iliyopita nilishuka chini mchana, nikakaa meza ya pembeni kama mteja, nikaagiza. Nikaletewa samaki kwenye sahani, jani limeshafunguliwa. Nikauliza tangu lini. Wakaniambia ni haraka zaidi hivi, na wateja hawajasema kitu. Nikawarudishia, nikataka mwingine, amefungwa.

Mama wa Magu akaja nalo mwenyewe, akalitua mbele yangu.

"Kwani ladha imebadilika, bosi?"

Nikalifungua. Mvuke ukanipiga usoni kama zamani. Nikala polepole, nikitafuta kosa. Chumvi ipo, pilipili ipo, mawese yamekolea, nyama inaachia mfupa yenyewe. Nilikula mpaka jani likabaki tupu. Ningepata kosa moja tu, hata dogo, ningeinuka nikazipande zile ngazi siku ileile.

"Haijabadilika," nikamwambia, nikaomba maji ya kunawa.