Mikanda ya Wakubwa ya Leonidasi

Leonidasi, fundi redio wa Rulenge, alikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, na ndani yake mikanda ya video themanini na kitu. Mingi ilikuwa picha za wakubwa, zile zilizotengenezwa harakaharaka na watu wasio na pesa, kisha zikasahaulika. Aliiokota kwenye mabanda ya video yaliyofungwa, kuanzia Bugarama mpaka Biharamulo.

Mkewe Marsiana, fundi cherehani, alijua kilichomo, akanyamaza miaka kumi na moja. Mwaka jana, binti yao Kezia alipokwisha kuolewa, Marsiana alivunja ukimya wakinywa chai ya asubuhi.

"Baba Kezia, leo nataka kuona unachokitazama. Nikishaona nitajua kama nikuombee au nikuache."

Leonidasi aliona aibu mpaka masikio. Hata hivyo alifunga mapazia, akaunganisha deki.

Daktari wa kwenye picha aliingia chumbani kwa mgonjwa wake amevaa koti la mvua. Akaanza kufungua vifungo. Cha tatu kikagoma. Mwanamke akamsaidia, kikagoma tena. Ndipo mbuzi akaingia. Mkono wa mtu asiyeonekana ukamshika sikio, ukamtoa, na mapenzi yakaendelea.

Marsiana alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Hawakurudia?"

"Warudie na nini? Mkanda ulikuwa mmoja. Hicho ndicho ninachokipenda. Picha za matajiri hufutwa makosa yote. Hapa unawaona watu wenyewe, wanavyohangaika. Ya kitandani mimi huyapeleka mbele."

Hilo la mwisho Marsiana hakuliamini lote. Lakini kwenye mkanda wa pili, yeye ndiye aliyesema, "Simamisha." Gauni la bibi harusi lilikuwa limeshonwa kwa pazia lilelile la chumba cha mgonjwa kwenye mkanda wa kwanza. Miaka yote hiyo Leonidasi hakujua kwamba picha hizo mbili zilitoka kwa watu walewale.

Mwezi wa saba alikuja Niragira, mwalimu mstaafu wa Biharamulo, mkusanyaji mwenzake. Alileta mkanda usio na jalada, ambao hakuna aliyejua asili yake. Marsiana alivaa miwani, akatazama dakika kumi.

"Fundi wao ni yuleyule aliyeshona gauni la bibi harusi. Tazama kwapa la hilo shati. Kushona kwapa hajui mpaka leo."

Niragira alisogea karibu na kioo, akatazama kwapa, akatazama tena.

"Shikamoo, fundi," akasema, ingawa alimzidi Marsiana miaka kumi na tano.

"Marahaba," Marsiana akaitikia, akamwomba mumewe arudishe nyuma kidogo.