Mutumbwi Nilionunua Mbali na Maji

Majina yao siyaandiki, juu watoto wao wanasoma pamoja na watoto wangu na watoto hawana kosa. Lakini walichofanya nitakiandika. Kuna muzee aliyeniuzia mutumbwi, kuna ndugu ya bibi yangu, shemeji yangu, aliyenipeleka kwake, na kuna yule rais wa site ya wakimbizi aliyekuwa na haraka ya kugawa kibanda chetu. Wakisoma watajijua.

Mimi ni mutu wa ziwa. Nilizaliwa karibu na maji, nilioa karibu na maji, na siku watu wenye silaha walipochoma kijiji chetu, mutumbwi wangu uliungua pale pwani pamoja na nyavu zote. Tulipanda milima kwa miguu mpaka Bunia. Tulipewa bashi moja nyeupe ya plastiki na nafasi ya kuisimamisha, basi muvuvi akawa mubeba matofali. Bunia iko na masoko, iko na makanisa, iko na vumbi ya kutosha. Maji ya kuelea kitu, hapana.

Ningeweza kurudi ziwani mikono mitupu, wengi wamerudi hivyo. Lakini asiye na mutumbwi anapiga kasia kwa mutu mwingine. Mwenye mutumbwi anachukua sehemu yake, mwenye nyavu yake, mwenye moteri yake, na weye unabakizwa samaki wa kutia kwa sufuria ya siku ile. Mimi nilikuwa na mutumbwi wangu zamani. Watu walinipigia kasia mimi. Nilikataa kurudi kama mutumishi pahali nilipokuwa bwana.

Bibi yangu alikuwa ndani ya likelemba ya wanawake wanaouza sombe, majani ya muhogo: kila juma wote wanachanga, na mumoja anachukua zote. Zamu yake ilipofika, wenzake walimwambia anunue kitenge. Hakununua. Alinijia na pesa zimefungwa ndani ya kitambaa.

"Papa, tafuta mutumbwi," aliniambia. "Mi nimechoka kulala ndani ya plastiki kama mukate."

Niliuliza bei Kasenyi, kule pwani ya ziwa, kwa simu. Kwa pesa zile, huko ningepata nusu ya mutumbwi, na nusu ya mutumbwi haiendi kuvua. Pale ndipo ndugu ya bibi yangu, anayeendesha moto, pikipiki ya kubeba watu mujini, alikuja anacheka peke yake.

"Shemeji, acha kusumbuka. Mutumbwi iko hapa hapa Bunia."

"Bunia? Inaelea juu ya nini, juu ya vumbi?"

"Cheka tu. Iko muzee mumoja alikimbia nayo juu ya kamyo. Watu walibeba godoro, yeye alibeba mutumbwi. Sasa bibi yake amechoka nayo kwa parsele."

Hakuniambia kwamba muzee yule alikuwa amemuahidi kitu akileta munuzi. Na mimi pia nilimpa kitu kwa kunionyesha. Alikula kwetu sote wawili, na bado alikunywa chai yangu.

Mutumbwi ulikuwa umelala nyuma ya nyumba, kati ya choo na shamba ndogo la mahindi, umekaa moja kwa moja juu ya udongo. Kuku walitaga ndani yake. Lakini mimi nilipouona nilisahau kuku. Ulikuwa na umbo ule wa kwetu, pua ndefu, mbao pana, umepigiliwa na mutu aliyejua kazi. Nilizunguka kama mutu anayechagua ng'ombe. Nilipiga mbao kwa vidole nikisikiliza. Nilichoma kisu kwa viungo, pahali ambapo maji ya ziwa huwa yanaozesha kwanza. Nilitazama misumari kama imekula kutu. Kila ubaya ambao ziwa linaweza kufanyia mutumbwi, niliutafuta, na sikuuona.

Nyufa zilikuwepo, ndiyo. Mbao zilikuwa zimekauka, mutoto angepitisha kidole. Hiyo haikunitisha, mbao ikilowa inavimba na inajifunga. Lakini nilitaka kujua maji yatapita wapi zaidi, na huko juu hauwezi kuingiza mutumbwi ndani ya maji. Basi tukaingiza maji ndani ya mutumbwi. Nilinunua bidoni za maji kwa wasichana wa pale robine, penye bomba, nikaanza kumwaga. Wanawake wa parsele zote, viwanja vyote vya jirani, walitoka kutazama.

"Eh, mama, njoo uone! Papa iko ananywesha mbao!"

"Acheni, labda iko na mimba."

"Siye tunapanga mustari toka asubuhi juu ya bidoni moja, yeye anaosha kuku na zote!"

Maji yaliingia huku na kutoka huku, mutumbwi ukalia kila upande kama kikapu. Yule muzee muuzaji alisimama karibu yangu, anatikisa kichwa kwa upole.

"Ndugu yangu, weye ni muvuvi, mi ni muvuvi. Unajua itajifunga."

"Najua. Lakini tuipindue, nione mugongo."

Mugongo ni ule ubao munene wa chini kabisa, unaotoka pua mpaka nyuma. Mbao zingine zote zinashikilia pale.

"Ukiipindua hivi imekauka, itaachana yote mukononi mwako," alisema. "Halafu utaniambia nini?"

Ilikuwa kweli, hapo ndipo alinimaliza. Angenidanganya kwa uongo ningemushika. Alinidanganya na kitu ambacho ni kweli. Tena aliongeza: "Mi mwenyewe nitakupakia gudroni chini, kabla haujapeleka. Zawadi ya muvuvi kwa muvuvi."

Nilimushukuru. Mimi, kwa kinywa changu.

Nilimulipa, na niliporudi na kamyo ya watu wa ng'ombe, chini yote ya mutumbwi ilikuwa imeshapakwa lami nyeusi inayong'aa, nene kama ngozi ya kiboko. Vijana wa kupakia waliunyanyua, mumoja akacheka.

"Muzee, hii ni mutumbwi ama karato ya biskuti? Nyepesi hivi?"

Nilifurahi. Nilidhani ni ukavu.

Njiani, kila barieri mutumbwi ulilipa kama mutu. Askari mumoja aliuzunguka na tochi mchana kweupe. "Hii gari haina pneu, haina gurudumu hata moja," alisema. "Munalipa juu ya hiyo." Tulilipa juu ya hiyo. Utamwambia nini mutu aliyeshika bunduki?

Kasenyi, nilipotelemka na kusikia harufu ya ziwa, samaki na moshi na moteri, nilikwenda moja kwa moja kunawa uso kwa maji yake. Tuliusukuma mutumbwi mpaka penye maji mafupi, tukajaza mawe ndani ili uzame na mbao zinywe. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Nililala kwa mulango wa duka la mutu. Kila asubuhi niliingia majini mpaka kifuani kupapasa viungo, na kila asubuhi nyufa zilikuwa ndogo kuliko jana. Nilimpigia bibi yangu.

"Inafunga! Inafunga muzuri sana!"

"Kweli?"

"Kweli. Ungekuwa hapa ningekuonyesha."

Alipiga vigelegele ndani ya simu, nikasikia majirani wanauliza kuna nini.

Siku ya kutoa mawe, wavuvi walikuja kusaidia, watu sita, watatu kila upande. Tulihesabu pamoja, tukanyanyua. Pua ilikuja. Nyuma ilikuja. Katikati ilibaki chini. Sikusikia hata sauti ya kuvunjika, ilijikunja tu polepole kama mukate ndani ya chai. Mbao za upande zilikuwa nzima, nzuri, zimejifunga vile nilivyosema. Lakini hazikuwa na kitu cha kushikilia.

Niliingiza mukono chini, nikararua ile lami. Ndani ya mugongo hakukuwa na mbao. Kulikuwa na udongo mwekundu wa Bunia, vijia vidogo vingi sana, na muchwa weupe waliokufa maji. Walikuwa wameula kutoka chini, polepole, pale kati ya choo na mahindi, wakaacha ganda jembamba ili mujinga aone ubao. Lami ilifunika mashimo waliyoingilia.

Kwetu ziwani mutumbwi haujawahi kuliwa na muchwa. Hauna nafasi, kila siku uko majini. Nani angenifundisha kuuogopa udongo? Muzee yule alijua. Mutu hapaki lami nene hivyo juu ya mapendo.

"Papa," mumoja wa wale wavuvi alisema, "siye tuko na mamba, tuko na upepo, tuko na maaskari wa ng'ambo ingine ya ziwa. Sasa weye umetuletea na muchwa?"

Wengine walicheka. Nami nilicheka, sijui kwa nini.

Nilimupigia muzee. Alikuwa ameshaondoka Bunia, alikwenda kulima upande wa Aveba na pesa za bibi yangu. Alishika simu mara moja tu.

"Wakati nilikuuzia ilikuwa nzima," alisema. "Umeitia kwa maji, imeharibika. Ugombane na maji." Akakata, na toka siku ile namba yake haipatikani.

Nilimupigia ndugu ya bibi yangu.

"Shemeji, mi nilikuonyesha mutumbwi. Weye ndiye muvuvi, mi ni mutu wa moto. Ningejua nini?"

Halafu nilitaka kumpigia bibi yangu, na hapo reso ya simu ikapotea pwani yote. Walisema munara umekosa mazutu ya kuwasha mashine yake. Nilipanda kila kilima kidogo na simu juu, kama mutu anayeomba mvua. Nilichotaka kumwambia kilikuwa kifupi: usitoke, ukae hapo hapo, usimuambie mutu.

Lakini alishasema. Alisema kwa furaha, kwa likelemba, kwa kanisa, na maneno yakafika kwa yule rais wa site. Akaja kwa kibanda chetu na daftari.

"Mama, nasikia munarudi ziwani. Mungu asifiwe. Iko famia ingine inangoja nafasi."

Bibi yangu alimuomba siku chache. Rais alimuambia kwamba mwenye mutumbwi si mukimbizi tena. Bashi yetu ilishushwa, ikasimamishwa tena pale pale juu ya watu wengine. Nimesikia kwamba watu wale walimulipa rais, na sijasikia mutu aliyekataa maneno hayo.

Nilimuona bibi yangu anatelemka toka kamyo kabla yeye hajaniona. Alikuwa na godoro, sufuria mbili, watoto, na kasia. Kasia mupya, alinunua njiani kwa pesa yake ya mwisho, anishangaze nayo.

"Iko wapi?" aliuliza, anatabasamu, anatazama mitumbwi yote iliyokuwa pale kwa maji.

Nilimuonyesha kwa kidevu. Mutumbwi wetu ulikuwa juu ya muchanga, pua upande mumoja, nyuma upande mwingine.

Alitua godoro chini. Mi nilianza kueleza, muchwa, lami, munara, ndugu yake. Alinyanyua mukono kunikatiza.

"Kurudi Bunia haiwezekani," alisema. "Tumetolewa."

"Wamekutoa?"

"Tumetolewa, papa."

Hakulia, na mimi nilingoja alie ili nipate kazi ya kumubembeleza. Alinipa kasia niishike, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaenda kwa wanawake waliokuwa wanapasua samaki za kutia chumvi. Nilimuona anaongea nao, anaonyesha watoto. Mumoja alimusogezea kisu na beseni.

Baadaye mwenye mutumbwi mumoja wa moteri alipita, kijana aliyezaliwa juzi, akaona ile kasia mupya mukononi mwangu.

"Muzee, unatafuta mwenye kukupakia? Kesho mi nakosa mutu mumoja wa kuvuta nyavu."

Nilitazama upande wa bibi yangu. Alikuwa ameshainama juu ya beseni, mikono ina magamba mpaka kwenye viwiko, wala hakuinua macho.

"Saa ngapi?" nilimuuliza yule kijana.