Futa mémoire

Kosa langu lina maneno mawili tu: futa mémoire. Niliyasema kwa simu, nimesimama mlangoni mwa duka langu Butembo, huku mteja akinivuta shati, na mpaka leo nikiyakumbuka natamani kujipiga makofi.

Kwetu neno mémoire lina kazi mbili. Sisi mafundi wa mashine tunaita mémoire kile kibao chembamba kinachochomekwa ndani ya ordinateur, yaani kompyuta, na bila hicho haiamki. Wanafunzi wa chuo kikuu wanaita mémoire kile kitabu wanachoandika mwishoni mwa masomo na kukitetea mbele ya walimu. Na kufuta nako ni hivyo hivyo: kuna kufuta vumbi, kuna kufuta maandishi. Kibao kikishika uchafu, fundi yeyote wa huku anachukua gomme, kifutio kile kile cha mtoto wa shule, anasugua meno ya kibao, anakirudisha, na mashine inafufuka. Nimefanya hivyo mara nyingi hadi wateja wananiita daktari, na sitaficha, jina hilo nalipenda.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi. Anakaa Beni, mtaa wa Beu, na alirudi chuo kikuu akiwa tayari na watoto wanne. Mémoire yake ilihusu mbegu: akina mama waliokimbia vita upande wa Eringeti walikuwa wakipanda nini, walibeba nini, na nini kilibaki shambani. Alikaa nao siku nyingi akiandika maneno yao kwenye madaftari, kisha akayapiga yote kwenye mashine kwa vidole viwili. Madaftari yakaishia jikoni kuwashia makaa. Baadhi ya akina mama hao wamehama tena, hajui waliko, wengine wamekufa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu atetee.

Aliyenipigia simu ni mume wake, anayeniita beau-frère, yaani shemeji. Shemeji yangu anaongoza kwaya kanisani kwao, na ni mtu mpole kiasi cha kuudhi. Dada alikuwa darasani.

"Beau-frère, machine ya bibi yangu inawaka lakini écran, kioo yake, iko nyeusi. Inalia tu pii, pii, pii."

"Hiyo ni mémoire. Futa mémoire na gomme, kisha uwashe tena."

Réseau ya simu ilikuwa inakatika-katika. "Nifute mémoire?"

"Ndiyo, futa."

"Yote?"

"Yote, mpaka ikuwe propre, safi!" nilisema kwa ukali, kwa sababu mteja alikuwa ameanza kusonya.

Baada ya siku mbili mashine ilikuwa bado inalia, kwa hiyo nikapanda moto, pikipiki yangu, nikashuka Beni na mfuko wangu wa bisibisi, nikinung'unika njia nzima kwamba shemeji hawezi hata kushika gomme. Nilipofungua mashine nikakuta kibao kimefunikwa na vumbi lisiloguswa. Nikakisugua, nikakirudisha, nikabonyeza. Écran ikawaka. Dada akapiga vigelegele, nami nikavimba kichwa.

Kisha maandishi meupe yakatokea: mashine haioni disque, kile kifaa kinachohifadhi kila kitu. Ilikuwa na disque mbili, moja ya kuendesha mashine, nyingine ya kazi za dada. Niliingia kwenye ukurasa ule ambapo mashine huorodhesha vifaa ilivyovipata. Palikuwa patupu. Ni umeme, niliwaza, umekuja kwa nguvu ukapiga vyote kwa pamoja.

"Yaya, kopi ya mémoire iko kwa clé?" nilimwuliza dada, nikimaanisha kile kijiti cha USB cha kuhifadhia kazi.

"Iko," dada alisema bila wasiwasi, akaingia chumbani kuitafuta.

Shemeji akanisogelea. Alikuwa anatoka jasho. "Beau-frère, ile ya kwa clé nilishafuta."

"Ulifuta nini?"

"Mémoire. Si njo ulisema? Clé ilikuwa inakaa ndani ya machine, nikafikiri njo inaifanya nzito. Nikaenda nayo ku bureau ya kanisa, kwa machine yao, nikafuta yote. Nikasema ya ndani si iko? Kisha nikaweka video za kwaya, ikajaa."

Nilimtazama. Réseau ilikuwa imemeza neno gomme. Mengine aliyafanya kama nilivyomwambia, neno kwa neno.

Kuanzia hapo sikufanya kazi kama fundi, nilifanya kama mtu anayeomba. Nilibadilisha waya za disque, nikazihamishia matundu mengine. Hakuna. Nikatoa kisanduku cha kuingizia umeme, nikafunga kingine nilichokuja nacho. Disque moja ikaonekana. Dada akasema, "Bwana asifiwe!" na nikaona aibu kumwambia kwamba hiyo ni ile ya kuendesha mashine, ndani yake hakuna hata ukurasa wake mmoja. Ya pili niliiweka sikioni. Ka, ka, ka. Sauti hiyo naijua: kichwa cha kusomea kinakwaruza sahani, na kila ukiiwasha kinakwaruza zaidi. Hata hivyo niliiwasha tena, mara nne, kama mjinga.

Ikabaki clé. Nina programu ya kutafuta vilivyofutwa, nikaiacha ifanye kazi mchana wote. Ilileta vipande vya kwaya, akina mama wenye vitambaa vyeupe wakiimba bila sauti. Mbegu hazikuwemo.

Dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Hakulia. Aliuliza polepole, akimtazama mume wake:

"Nani alikuambia ufute?"

Shemeji hakunigeukia. Alitazama sakafu akasema, "Hakuna mutu. Ni mimi. Nilikosa."

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni, nililisikia uzito wake. Nilikuwa nimeshika bisibisi, nikaanza kukaza skurubu za mashine iliyokufa, moja baada ya nyingine, zote, hata zile ambazo sikuzilegeza. Nilijiambia nitasema akitulia. Kisha nikajiambia shemeji ameshayamaliza. Niliogopa, basi. Niliogopa dada yangu aache kuniona daktari.

"Na utetezi?" niliuliza.

"Utetezi wa nini?" alisema. "Bale bamama nitabapata wapi tena? Nimeshaacha."

Mume wake alitoka nje, akasimama kwenye ua akitugeuzia mgongo. Dada hakumwita kula. Mimi aliniwekea fufu, ugali wa muhogo, na mboga za sombe, akakaa karibu nami mpaka nikamaliza.

Nilipoaga aliniletea bidon ya mafuta ya mawese, akaifunga mwenyewe kwa kamba nyuma ya moto, akaijaribu kama imekaza.

"Wasingya, ndugu yangu," alisema, akinishukuru kwa Kinande kama mama alivyotufundisha. "Wewe njo ulijaribu. Kama ungekuwa hapa ile siku, hangefuta."

Niliitikia. Nikapanda moto.