Bibi Yustina Juu ya Gurudumu

Harufu ya dizeli iliyochanganyika na ya mahindi ya kuchoma ndiyo iliyotuambia kwamba bembea zimefika. Ilikuwa Julai, mwezi ambao baridi ya Songea humfuata mtu mpaka ndani ya blanketi, na upepo kutoka upande wa Matogoro uliisukuma harufu ile hadi dirishani kwetu Majengo pamoja na vumbi jekundu. Mahindi yalikuwa yamevunwa, watu wamepumua, na kwenye kiwanja kitupu nyuma ya soko malori yaliyotoka Tanga yalikuwa yameshusha vyuma, minyororo na farasi wa mbao. Soko huria lilikuwa ndiyo kwanza limetufikia. Sukari na sabuni zilikuwa zimerudi madukani bila foleni, mitumba ilimwagwa juu ya maturubai, na watu wazima walisema “ruksa” kwa kila jambo, wengine kwa furaha, wengine kwa kejeli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwangu soko huria lilikuwa na maana moja tu: kwamba mtu binafsi anaweza kuwa na gurudumu la viti linalopita mapaa yote ya mtaa wetu, akalipakia kwenye lori na kuniletea mlangoni.

Kila siku nilipokwenda na nilipotoka shule nilipitia pale, hata nisipopanda chochote. Nilisimama kando ya kamba na kuhukumu. Farasi wa mbao niliwadharau, maana rangi ilikuwa imewatoka puani na walizunguka polepole kama ng’ombe wa kupura. Viti vya minyororo vilikuwa vikali, lakini viliacha watu wakitapika nyuma ya kibanda cha tiketi, na hakuna aliyewapa maji. Mtu wa mazingaombwe alikuwa na mikono mizuri na mdomo mbaya. Alizungumza mpaka watoto wakasahau alichoahidi kukitoa kofiani. Gurudumu lilikuwa jambo jingine. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilikuwa nimemwona Rajabu, kijana mrefu aliyelisimamia, akizunguka kila asubuhi na spana, akigonga kila nati na kuisikiliza kabla ya kumruhusu mtu yeyote kukaa. Nilipofika nyumbani nilimsimulia bibi yangu yote hayo, naye alisikiliza kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikuwa hana kingine cha kufanya.

Bibi Yustina alikuwa mama yake mama. Alikuwa ameletwa kutoka Mpitimbi tangu kabla ya mavuno, kwa ajili ya macho yake. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufa, na la pili lilibakiwa na mwanga kidogo, kiasi cha kutofautisha mlango na ukuta. Alikuwa mwanamke mkali, mnusa ugoro, asiyependa kushikwa mkono, na mjini kwetu alikaa kwenye kigoda jikoni kama mtu anayengoja gari. Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amempeleka hospitali, na walipotoka huko alimwambia bibi kwamba daktari ametoa dawa ya matone, atumie kwa subira, macho yatafunguka. Lakini jioni ile ile nilimsikia mama chumbani akimweleza baba mambo mengine. Ilikuwa presha ya macho, iliyochelewa mno. Matone yalikuwa ya kupunguza maumivu tu. Kilichokwisha kuondoka hakingerudi, na hata ule mwanga mdogo uliobaki ungezimika. Baba aliuliza kwa nini asiambiwe mwenyewe. Mama akajibu kwamba hawezi kumvunja moyo mzazi wake, na nilipotokea mlangoni alinitazama, akaniambia kwa upole nisirudie popote nilichosikia. Nilitii. Kila asubuhi nilimtilia bibi matone, naye kila asubuhi aliniuliza kama jicho linaanza kung’aa.

Jumapili moja baada ya misa bibi alisema anataka kupanda gurudumu. Mama alidhani anatania. Alipoona sivyo, alimkumbusha kwamba yeye ni mjane, mtu mzima, na nusu ya waumini wa jimbo wanapita sokoni siku hiyo. Watu watasema binti yake amemgeuza kichekesho. Bibi alisema kwamba watu hao yeye hawaoni, basi nao wafanye kama hawamwoni. Kisha akainuka, akajifunga kitenge chake cha kanisani, akaninyooshea mkono wake. Nilishtuka kuliko mama, maana bibi huyo hakuwahi kuomba mkono wa mtu.

Pale kiwanjani foleni ilitupisha, wengine wakitabasamu, wengine wakinong’ona. Rajabu alimtazama bibi jinsi alivyokuwa akigeuza uso kutafuta sauti, akaelewa. Hakuniuliza mimi kama bibi anaweza. Alimsogelea mwenyewe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenye chuma hiki?”

“Mimi ndiye ninayekiendesha. Nitakuambia kila kitu kabla hakijatokea. Hakuna kitakachokushtukiza.”

Na ndivyo alivyofanya. Alimwambia kiti kiko hatua moja mbele na kitayumba, kikayumba. Alimpapasisha nondo ya chuma, akamwambia itafungwa kwa kishindo. Ikafungwa kwa kishindo. Alimweleza kwamba tutapanda kinyumenyume, kwamba tumbo litabaki nyuma kidogo tutakapoanza kushuka, na kwamba tukifika kileleni atasimamisha ili watu wapande chini, tusidhani kimeharibika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile niliona mgeni wa kutoka Tanga akimkaribisha bibi yangu mjini kwetu, nikajua kwamba kumkaribisha mtu ni kumwambia anakokwenda.

Tulipanda. Bibi alishika nondo kwa mikono miwili, midomo ikitembea kwenye sala. Kelele za soko zilishuka chini yetu, baridi ikaongezeka, na kiti kikasimama juu kabisa. Niliona mabati ya Majengo yaking’aa, barabara ya Tunduru ikiingia kwenye miti, na upande wa kusini vilima vya bluu. Nilianza kumweleza. Aliniuliza Mpitimbi ni wapi, nikachukua kidole chake nikakielekeza. Alikaa hivyo, kidole angani, muda mrefu. Kisha, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya chini:

“Yule kijana hanijui, na ameniambia yote. Wewe ni damu yangu. Daktari alisema nini, Leti?”

Nilikuwa mtoto niliyelelewa kutii, na mama yangu nilimpenda. Nilitazama chini kutafuta msaada, nikaona utosi wa Rajabu na watu wadogo kama siafu. Nakumbuka kwamba nilihisi kiti kinayumba ingawa kilikuwa kimetulia. Nikamwambia. Nilisema kama nilivyosikia, neno kwa neno, hata lile la mwanga utakaozimika.

Bibi hakulia. Alishusha mkono, akaupitisha usoni kama mtu anayeondoa utando wa buibui. Gurudumu likatikisika na kuanza kushuka. Tulizunguka mara nyingine na nyingine. Tulipokaribia chini ndipo aliponiambia, kwa sauti ile ile, “Miezi yote hii nimekaa jikoni kwa watu. Ningejua, ningekuwa kwangu, najifunza njia ya kisimani wakati bado naona kivuli.”

Nyumbani alimwita mama, akamwambia anarudi Mpitimbi kesho. Mama alinitazama mara moja tu na akajua. Nilingoja kipigo, hakikuja. Aliketi sakafuni karibu na kigoda cha bibi, mwalimu mzima na sketi yake ya misa, akasema, “Nilitaka uendelee kutumaini, mama.” Bibi alitafuta kichwa chake kwa mkono, akakipata, akaacha mkono hapo. Alimwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini alisema kwa upole, kama anayemfunga mtoto kitambaa kidondani. Mama alilia sana siku ile, na nadhani alilia pia kwa kuutua mzigo.

Mama alimsindikiza, nami nikaenda nao, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa Ijumaa iliyotangulia. Likizo ile niliishi Mpitimbi nikitembea nyuma ya bibi huku akihesabu njia kwa nyayo zake, akigusa mti huu na jiwe lile, akirudia mpaka akachoka na kunitukana kwa kumwonea huruma. Baba alikuja akafunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni. Mvua za kwanza zilipoanza, ule mwanga ulizimika, kama ilivyosemwa. Lakini giza lilimkuta kwake, akiijua njia ya kisimani, ya shambani na ya kanisani. Alipalilia maharage yake kwa vidole, akitambua gugu kwa jani lake, kwa miaka mingi, hadi alipotutoka nikiwa tayari nafanya kazi.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa bembea. Popote ninaposafiri huuliza kama kuna bustani ya michezo, na wenzangu kazini hunicheka, mwanamke wa umri wangu. Mwaka jana niliwapeleka wanangu kwenye moja kubwa jijini. Naisifu: mikanda imara, vyoo safi, maji ya kunywa kila kona, treni inayopinduka juu chini bila mtu kupata mchubuko. Wahudumu walikuwa na sare na tabasamu, ila hawakumtazama mtu. Sauti ya kwenye spika ndiyo iliyotuambia tufunge, tukae, tushuke. Na getini palikuwa na kibao kikubwa cha wasioruhusiwa kupanda: wajawazito, wagonjwa wa moyo, wazee, wasioona. Nilikisoma chote. Najua kina haki yake, na najua chuma cha Rajabu kingeweza kutuua.

Songea nayo imebadilika. Kile kiwanja kina maduka ya ghorofa, na wataalamu wa macho hufika mara kwa mara, wakiwapima wazee presha ya macho mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Ingekuwa leo, bibi yangu angewahiwa. Angeendelea kuona, na pale getini, kwa uzee wake, wangemrudisha. Nikiambiwa nichague baina ya nyakati hizo mbili nitachagua macho yake, bila kusita, na yeye mwenyewe angenicheka kama ningesema vinginevyo. Lakini nilisimama mbele ya kile kibao mpaka wanangu wakanivuta mkono, nikitafuta kati ya wale wote wenye sare mtu mmoja ambaye ningeweza kumwachia mzazi wangu, na sikumpata.