Waithera na Mashine ya Owiti

Waithera alizaliwa mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu, katika nyumba za zamani za baraza la mji, baba yake alipokuwa akileta vitunguu kutoka Murang'a na kuviuza hapo mjini. Alisomea hapo, akaolewa hapo, akauza mitumba katika soko la Kibuye mpaka mgongo ukakataa kubeba marobota. Dholuo, yaani Kijaluo, anakiongea bila kujikwaa. Hata hivyo, alipouza kibanda chake na kununua mashua ya kupeleka wageni ziwani kutazama viboko na ndege, watu wa ufuoni walimpa jina siku ya kwanza tu: nyar Okuyu, binti wa Kikuyu. Wengine walilitaja kwa mapenzi. Owiti hakuwa mmoja wao.

Owiti ndiye aliyekuwa akichaji betri za ufuo ule. Alikuwa na kibanda cha mabati kisicho na dirisha, na ndani yake mashine aliyoundiwa na fundi wa jua kali kutokana na transfoma ya welding iliyochakaa. Mashine ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Haikuwa na kipimo chochote, na haikujua kuacha betri inapojaa. Betri za wavuvi wa omena, za bodaboda na za mashua ziliungwa zote pamoja, zikachemka kama uji, na harufu ya mayai yaliyooza ikakupokea kabla hujafika mlangoni. Mke wake, Dorca, ndiye aliyeshinda humo ndani akifunga na kufungua waya.

Waithera alimpelekea betri yake kama kila mtu, maana pale ufuoni hapakuwa na mwingine wa kuchaji. Betri hiyo ndiyo iliyowasha injini na kuendesha pampu ya kutoa maji yanayoingia chini ya mashua.

Alasiri moja, dereva wake Mark alikuwa amebeba walimu waliokuja kutembea. Alizima injini ili wapige picha ndege. Alipotaka kuiwasha tena, ikatoa mlio mdogo wa kukwaruza, kisha kimya. Upepo ukainuka na gugumaji likaanza kuwazunguka. Mawimbi yaliingia na pampu haikutoa hata tone. Walimu wazima, na viatu vyao vya kazini, waliteka maji kwa jagi la chai huku mmoja wao akilia waziwazi. Waliokolewa na mashua ya wachimba mchanga iliyowavuta hadi nchi kavu.

Fundi mmoja wa mjini aliifungua betri ile, ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka. Ndani maji yalikuwa yamekauka na sahani zimepinda.

"Hii imepikwa," alisema.

Waithera aliibeba kwa mkokoteni moja kwa moja hadi kwa Owiti.

"Mama, betri za siku hizi ni takataka," Owiti alimwambia, bila kuinuka. "Usinitafutie makosa."

"Nilikuletea ikiwa mpya. Maji yake yalienda wapi?"

"Si jua limeyanywa." Wanaume waliokaa pale walicheka, naye akapata nguvu. "Huko kwenu mlimani hakuna ziwa. Sisi tumezaliwa na hivi vitu."

Waithera alimjibu kwa Dholuo kwamba yeye alizaliwa Kaloleni, kilomita chache kutoka hapo, wakati Owiti akiwa bado hajui hata kuogelea. Safari hii wanaume walimcheka Owiti. Lakini hakuna aliyeondoa betri yake pale kibandani, na hilo ndilo lililomuudhi Waithera zaidi. Walimu wangekufa maji, na watu wamefanya ni mchezo wa maneno.

Aliamua kununua chaja yake mwenyewe. Katika duka la kwanza mjini, muuzaji alimpita yeye akazungumza na Mark. Alimwonyesha chaja kubwa yenye picha ya mashua kwenye karatasi iliyobandikwa upande mmoja.

"Hii inachaji kila kitu, hata lori."

"Betri ikijaa inapunguza umeme yenyewe?" Waithera aliuliza.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi," muuzaji alimwambia Mark.

Waithera alitoka. Mark alimfuata akiwa na aibu, kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Duka la vipuri vya mashua waliloingia baadaye lilikuwa la mama mmoja Mhindi aitwaye Shobha, aliyerithi kaunta hiyo kwa mumewe. Huyu alimtazama Waithera mwenyewe usoni.

"Betri yako ni ya kuongeza maji, au ni ile iliyofungwa?"

"Ya kuongeza maji."

"Ukubwa?"

"Amp mia."

"Basi chukua chaja ya volti kumi na mbili, amp kumi hivi. Ukiweka kubwa sana utaichemsha. Na iwe hii inayoshuka yenyewe betri ikijaa. Siku ukinunua ya lithiamu usiichaji na hii, uje tuongee tena." Shobha aliiweka chaja juu ya kaunta. "Utachajia wapi?"

"Hapo hapo kwa mashua."

"Hapana, mama. Mashua ina petroli, na chini kuna maji. Itoe betri, uiweke mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko na sigara. Bana waya kwenye betri kwanza, halafu ndipo uwashe swichi ya ukutani. Ukimaliza, zima swichi kwanza, halafu ndipo utoe waya. Betri ikichaji inatoa gesi. Cheche moja tu inatosha kuipasua, na ndani ni asidi."

Waithera alisogea karibu na kaunta. "Madam, kuna mtu anachaji betri za ufuo mzima na hajatuambia hata neno moja kati ya hayo."

"Labda hajui."

"Miaka yote hiyo, na hajauliza?"

Shobha alianza kumwandikia risiti.

Waithera alirudi akamweleza Owiti kila kitu, kwa upole aliojilazimisha. Owiti akasema Wahindi wanataka kuuza tu. Basi akamweleza Dorca, wakiwa wawili. Dorca alisikiliza akijifuta mikono kwa leso iliyojaa matundu ya asidi.

"Mama Muchiri, mimi ndiye natoa hizo waya," alisema. Watu walimwita Waithera hivyo kwa sababu ya mwanawe wa kwanza. "Nikizima mashine kila mtu akija kuchukua betri yake, Owiti anasema nawachelewesha wengine. Anataka isizimwe."

"Na wewe unasema nini?"

"Nitasema nini, na kibanda ni chake?"

Haikupita muda mrefu. Waithera alikuwa akingoja wageni aliposikia mlio kama wa gurudumu la lori kupasuka, kisha kilio. Alimkuta Dorca amepiga magoti nje ya kibanda, ameshika uso, na leso yake ikifuka moshi. Mteja mmoja alikuwa na haraka. Dorca alikuwa amechomoa waya huku mashine ikinguruma, cheche ikaruka, betri ikapasuka usoni mwake.

Mtu alikuja na maziwa, mwingine na mafuta ya kupikia. Waithera aliwasukuma wote.

"Maji. Leteni maji safi."

Alichukua mitungi ya mama aliyeuza maji ya kunywa, akamlaza Dorca chali, akamfungua kope kwa vidole na kummiminia, mtungi baada ya mtungi, Dorca akipigana naye na watu wakimwambia anamzamisha. Hakuacha mpaka gari lilipokuja, na hata ndani ya gari aliendelea kummiminia. Owiti alikuwa ameenda mtaa wa Mamboleo. Alifika hospitalini jioni.

Daktari alisema maji yale yalisaidia. Jicho moja lilipona. La pili liliona ukungu tu, na ukungu huo haukuondoka.

Kamati ya ufuo iliita mkutano. Mwenyekiti, Opiyo, alifungua kwa maombi, akasema ajali haina kinga, akaomba kila mtu atoe alichonacho kusaidia familia. Kisha Owiti alisimama akashukuru.

"Nilikuwa nikimwambia kila siku awe mwangalifu," alisema. "Siku hiyo alikuwa na haraka."

Waithera alisimama kabla hajapewa nafasi.

"Haraka ilikuwa ya nani?" aliuliza. "Nani alikataza mashine isizimwe? Mimi nilikuja kwako nikakueleza, Owiti, ukasema Wahindi wanataka kuuza tu. Mwanamke yuko hospitalini na jicho limeharibika, na wewe unasimama hapa kumshtaki."

"Mama Muchiri, kaa chini," Opiyo alisema. "Hayo ni mambo ya mtu na bibi yake."

"Betri iliyopasuka si ya bibi yake. Ni ya mteja. Ingekuwa jicho la huyo mteja, mngesema ni mambo ya nani?"

Opiyo aliita mchango uanze. Walichanga, wakaomba tena, wakatawanyika. Kabla Dorca hajatoka hospitalini, Owiti alikuwa ameshafungua kibanda, na mashine ilikuwa ile ile.

Siku Dorca aliporudi, hakuingia ndani. Aliweka kiti mlangoni, akakaa na kitambaa cheupe juu ya jicho. Kila aliyekuja na betri alimwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Mashine iliyonifanya hivi ni ile pale. Ukitaka, weka betri yako." Owiti alimwamuru arudi nyumbani. Dorca hakuinuka. Watu walisimama na betri zao mikononi wakitazama kitambaa kile, kisha wakakumbuka kazi nyingine. Baadhi walibeba betri hadi Kaloleni, ambako Waithera alikuwa akichajia ya kwake kwenye veranda ya nyumba yake, na yeye akawaelekeza kwa Shobha.

Mwishowe Owiti alinunua chaja za kweli, kila betri na yake. Alikata dirisha kwenye mabati. Leo ukienda pale utamkuta Dorca ndiye anayesimamia, amevaa miwani ya plastiki, na hakuna anayethubutu kumharakisha. Owiti hajamwomba radhi. Hajamwomba mtu yeyote.

Mwaka huu, katika mkutano wa kamati, Opiyo alimwita Owiti mbele na kumpongeza kwa kuboresha huduma ya ufuo. Watu walipiga makofi. Waithera alikuwa amekaa nyuma, karibu na Dorca, na mikono yake ilibaki mapajani. Jirani mmoja alimgusa bega.

"Mama, si mambo yameisha? Pigia mtu makofi."

"Makofi ya nini?" alisema Waithera, akainuka kutoka. Alipofika nje aliona Dorca amemfuata. Akamshika mkono ili Dorca asijikwae kwenye mawe ya upande asiouona vizuri, wakateremka pamoja hadi kwenye mashua.