Thirza Blenkin na Bawa Lililochanika

Thirza Blenkin alianza kusuka nyavu akiwa na miaka tisa, jikoni kwa mama yake mjini Hull, kwenye mtaa ambao kila nyumba ilinuka samaki na moshi wa makaa. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Kamba ilifungwa kwenye ndoano ya mlango, sindano ya mbao ikatiwa mkononi mwake, akaoneshwa fundo mara mbili, na mara ya tatu akalifunga mwenyewe. Alipofika miaka ishirini angeweza kusuka huku akigombana na jirani kupitia dirishani, na macho yake yasiuguse wavu hata mara moja.

Akaolewa na Walter Blenkin, mtu mpole, mvuvi wa meli kubwa za kwenda Iceland. Mwezi Februari wa mwaka 1925 meli ya Walter haikurudi. Thirza alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hana mtoto, na mama mkwe wake yumo nyumbani na magoti mabovu na ulimi mzima.

Kwa miaka minne aliendelea kusuka nyavu zilezile zilizompeleka mumewe baharini. Siku moja akaweka sindano chini.

"Mama, mimi nyavu basi."

"Basi utakula nini? Hewa?" akauliza mama mkwe.

"Kule ng'ambo ya Hessle, kando ya mto, wanatafuta wanawake wenye vidole vyepesi. Wanatengeneza ndege."

Bibi kizee akacheka mpaka chai ikampalia. "Ndege! Mwanangu kachukuliwa na maji, sasa na wewe unataka uchukuliwe na upepo."

"Siendi kurushwa, Mama. Naenda kushona."

Na kweli ilikuwa kazi ya kushona. Kiwanda kile kilijengwa ukingoni mwa mto Humber, mahali penye upepo na matope, na kilitengeneza ndege za jeshi la maji: ndege za mabawa pacha, moja juu na jingine chini, zilizobeba topido tumboni, lile kombora la kuzamishia meli. Mifupa ilikuwa ya chuma, lakini ngozi ilikuwa ya kitani. Wanawake ndio walioivisha mifupa ile. Walinyoosha kitambaa juu ya bawa, wakakishona kwenye kila ubavu kwa sindano ndefu kama mkono, uzi umepakwa nta, kisha kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kilie kama ngoma. Dawa ile ilinuka peremende na kuumiza kichwa.

Nyapara wa banda la kushona aliitwa Ombler, mtu mfupi mwenye masharubu yaliyotunzwa kuliko bustani yake. Siku ya kwanza alimtazama Thirza juu mpaka chini.

"Umewahi kushona mabawa?"

"Wewe umewahi kukutana na mtu aliyezaliwa anashona mabawa?"

Ombler hakucheka, lakini alimpa sindano. Thirza akashona ubavu mmoja, na kila mshono akaufungia fundo la nyavu alilofundishwa mlangoni kwa mama yake. Ombler akavuta uzi kwa ukucha, kisha kwa koleo. Haukusogea.

"Njoo Jumatatu," akasema.

Miaka mitano ikapita hivyo. Alipanda treni ya asubuhi na mkate wake uliopakwa mafuta ya nyama, na jioni akarudi na harufu ya dawa kwenye nywele. Mwaka 1934 alikuwa akiongoza meza ya wanawake kumi na wanne, na aliyekuwa karibu naye zaidi ni Lottie Spink, msichana mwenye miaka ishirini na miwili, mwenye maneno mengi na mkono safi. Thirza ndiye aliyemfundisha lile fundo.

Mwaka ule kiwanda kilikuwa na ndege mpya. Jeshi la maji lilitaka ndege itakayobeba topido yenye uzito wa wanaume kumi, iruke kutoka juu ya meli, kisha ikunje mabawa yake kwa nyuma ili iingie kwenye lifti ya meli na kushushwa chini. Magurudumu yake hayakuunganishwa kwa chuma katikati, maana pale ndipo topido ilipotakiwa kuanguka. Wachoraji walikesha nayo miezi mingi. Kumi na mbili zilikuwa tayari bandani, na moja ilikuwa imepelekwa baharini kujaribiwa.

Mwezi Machi ile moja ikarudishwa. Kitambaa cha bawa la chini, upande wa kushoto, kilikuwa kimechanika karibu na kiwiliwili, mpasuko wa urefu wa mkono. Rubani aliuona kabla ya kuruka. Angeuona akiwa angani, kungekuwa na habari nyingine.

Jumanne asubuhi Ombler alisimama mbele ya meza ya wanawake. "Mshono umefumuka. Kila bawa lina namba ya aliyelishona, na hili lina namba ya Spink. Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho, binti."

Lottie akaweka sindano yake mezani.

"Bwana Ombler," Thirza akasema, "umeliona hilo bawa?"

"Nimesoma ripoti."

"Mimi sijakuuliza umesoma nini."

Wanawake wakainamisha vichwa ili wasionekane wakicheka. Ombler akawa mwekundu mpaka masikioni. "Bibi Blenkin, kazi yako iko mezani. Banda la ndege si lako."

Mchana, wengine walipokaa na chai zao, Thirza alivua aproni, akapanda ngazi mpaka ofisi ya wachoraji, akasimama mlangoni. Mwanamke hakuwa akiingia humo ila kwa ndoo na ufagio. Wanaume ishirini wakainua vichwa kutoka kwenye mbao zao za kuchorea. Mmoja akasema, "Mama, umepotea?"

"Sijapotea. Namtafuta aliyechora namna bawa linavyojikunja."

Akatoka mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, miwani imepanda kwenye paji la uso. Jina lake Cyril Wragg. Alimsikiliza ngazini, huku akitazama saa yake.

"Hebu nipeleke nikalione," Thirza akamaliza. "Kama fundo limefunguka, nitamwambia yule msichana afungashe vitu vyake mimi mwenyewe. Mbele yako."

Wragg akaacha kutazama saa.

Bandani Thirza alipiga magoti chini ya bawa. Hakugusa mpasuko kwanza. Aligusa mafundo ya pembeni yake, moja baada ya jingine, kwa kidole gumba. Yote yalikuwa yamekaza. Kisha akaufunua mpasuko taratibu. Nyuzi za kitani zilikuwa na manyoya, kama kiwiko cha koti la zamani.

"Hii haikufumuka, Bwana Wragg. Imesuguliwa. Kuna kitu kinailamba kila mkikunja bawa."

"Hakuna kitu hapo. Niliacha nafasi ya kupitisha kidole."

"Cha nani?"

Wragg akatabasamu bila kupenda. Thirza akatoa mfukoni kipande cha chaki ya kukatia nguo, akapaka ukingo wote wa bawa mpaka ukawa mweupe. Mafundi wawili wakalikunja bawa, wakalikunjua. Mara kumi. Mara ishirini. Wragg akachunguza kila nguzo na kila bolti kwa tochi. Hapakuwa na alama hata moja ya chaki.

"Pole, mama," akasema, na pole yake ilikuwa ya kweli. Mafundi wakaanza kufuta mikono yao.

Thirza hakuinuka. Alikaa pale chini kwenye sakafu ya baridi, akiitazama ndege kama vile mtu anavyomtazama ng'ombe anayekataa kutoa maziwa. Wavu mkavu uliotundikwa ukutani na wavu uliojaa samaki, aliwaza, si wavu mmoja. Umbo linabadilika.

"Kule melini," akauliza, "inakunjwa ikiwa hivi? Tupu?"

"Hapana. Mara nyingi ina mafuta, na..." Wragg akageukia magurudumu. Akashusha miwani machoni.

"Na topido."

"Na topido," akasema polepole. "Miguu ya magurudumu inabonyea."

Kesho yake ilikuwa kazi kumshawishi Ombler. Alikuja bandani akiwa amekunja uso, akawakuta Thirza, Wragg na mafundi wakivingirisha topido ya mfano iliyojazwa saruji. "Mwanamke huyu amewaroga?" akafoka.

"Nusu saa tu, Bwana Ombler," Thirza akasema. "Nikikosea, tuondoke wawili, mimi na Lottie. Na wewe upate amani."

Maneno hayo yalitoka kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini alikuwa na bibi kizee nyumbani wa kumlisha. Ombler akavuta masharubu, akaegemea ukuta, na hakuondoka.

Wakajaza mafuta. Wakapandisha topido. Ndege ikashuka kwenye miguu yake kama mtu aliyebebeshwa gunia. Thirza akapaka chaki upya, na bawa likakunjwa mara moja tu.

Wragg aliingia na tochi chini ya bawa, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikuwa na weupe kwenye ncha ya kidole.

"Kichwa cha bolti ya mguu," akasema. "Kinapanda. Kinagusa."

Wragg akafuta kidole kwenye suruali, akafuta tena, ingawa chaki ilikuwa imekwisha kutoka. "Bolti hiyo niliichora mimi," akasema. "Si kosa la mshono hata kidogo. Nakwenda kumwambia mkuu wa wachoraji mwenyewe, sasa hivi." Akaenda bila kofia, katikati ya mvua.

Ombler alibaki akiitazama ndege. Thirza alingoja. Alidhani labda litatoka neno la radhi, lakini masharubu yale hayakuumbwa kwa neno hilo.

"Kuna ndege nyingine kumi na mbili zenye bolti hiyo," hatimaye akasema. "Mabawa yote ya chini yafumuliwe pembeni na kushonewa kiraka cha ngozi ya mnyama. Nani ataongoza?"

"Mimi. Na Spink awe mkono wangu wa kulia."

"Mchukue."

Lottie alipoambiwa, alimkumbatia Thirza mpaka pini zikamtoka nyweleni. "Shoga, nilishaandika barua ya kuomba kazi kiwanda cha biskuti!"

"Ichane. Halafu nawa mikono, tunaanza."

Walifanya kazi siku tisa. Bolti ziligeuzwa vichwa ndani, ngozi nyembamba ikashonwa kwenye kila ukingo, na Thirza alipitia kila fundo kwa kidole gumba mpaka kikatoka malengelenge. Mchoro mpya ulipotoka ulikuwa na sahihi ya Wragg na ya mkuu wake. Jina la Thirza halikuwemo. Wragg aliona haya kumwonesha. Thirza alisema yeye anachotaka kuona ni bawa. Ndege ile ikarudishwa baharini kwa wiki sita, na iliporudi kitani kilikuwa kizima, chumvi tu imekigandia.

Miaka minne baadaye walianza kuleta ndege za bawa moja, za bati tupu, zisizo na kitani. Meza ya kushona ikapunguzwa, kwanza wanane, halafu watano. Lottie aliolewa, akaondoka. Wengi walidhani Thirza naye atarudi nyumbani. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na mama mkwe, ambaye sasa alikuwa kitandani, alimwambia wazi kwamba inatosha.

Jumatatu moja akaenda kwenye banda la bati, akamsimamia kichwani kijana aliyekuwa akipiga ribiti, misumari ya kuunganishia bati.

"Nifundishe," akasema.

"Mama, hii inataka mikono yenye nguvu."

"Nimekuomba unifundishe. Habari za mikono yangu niachie mimi."

Siku hiyo alipiga ribiti ishirini na moja, zote zimepinda. Msimamizi akazitoboa zote zikatoka. Thirza akafunga leso upya kichwani, akaomba bati jingine, akaanza.