Nilivyoifuta Sauti ya Mama

Mimi ni msemaji wa kampuni ya malori yanayopeleka korosho Bandari ya Mtwara. Juzi bosi alinitumia kiungo cha video ya mtandaoni iliyolalamikia vumbi letu.

"Zuhura, dai hakimiliki. Sema picha ni zetu, wataifuta."

Sikuifungua hata kuitazama. Nilijaza fomu ya madai kwa jina langu, nikaapa kwamba video ni mali yetu, na mchana ikafutwa. Nikajiona fundi kwelikweli.

Jioni mdogo wangu Saidi alinipigia kutoka kijijini. Mama yetu alifariki mwaka jana, na tangu hapo nimekuwa na kiu ya sauti yake, maana sikuwahi kumrekodi.

"Dada, nilipata video ya mama kwenye simu yangu ya zamani. Niliiweka mtandaoni, kisha simu ikafa kabisa. Leo video imefutwa. Kuna mtu kadai ni yake."

"Mshenzi gani huyo?"

"Wameniandikia jina, dada. Ni lako."

Badala ya kuomba radhi nikauliza, "Mama anasema nini humo?"

"Anayagombeza malori," akajibu. "Halafu anacheka."